Bustani ya Jikoni Wakati wa Kiangazi: Kizuizi Bila Jicho Si Kizuizi

Mvua za masika zikatikapo mwishoni mwa mwezi wa Mei, vilima vya Rusizi hubadili vazi. Maharage hung'olewa na kuanikwa uani, majani ya kando ya njia hugeuka rangi ya kahawia, na vumbi huanza kupanda juu ya barabara ziendazo Kamembe. Hicho ndicho kiangazi, ambacho Wanyarwanda hukiita impeshyi, nacho huendelea hadi mvua za Septemba zitakapobisha hodi.

Kwa mpita njia majira hayo ni mazuri. Anga ni safi, na maji ya Ziwa Kivu hung'aa kama sahani ya bati iliyosuguliwa kwa majivu. Kwa mwenye bustani ya mboga, hata hivyo, huo ni wakati wa kukesha. Mashamba yanapokuwa matupu na majani yanapokauka, kila kilicho kijani huonekana kwa mbali. Mdudu aliyekuwa akila kilima kizima sasa hana pengine pa kwenda ila penye maji. Na mtu mwenye kisu na gunia naye huona vivyo hivyo, kwa kuwa mboga zimeanza kuadimika na bei yake sokoni imeanza kupanda. Ndoo ya maji inayoiokoa bustani na jua ndiyo hiyo hiyo inayowaonyesha maadui njia.

Jambo hili alilijua vema, baada ya kiangazi kimoja cha miaka ya karibuni, mke wa sajini mmoja aliyekuwa akiishi juu ya kimojawapo cha vilima vya Kamembe, mahali ambapo usiku taa za Bukavu huonekana zikiwaka ng'ambo. Mumewe alikuwa mbali, katika zamu ya kulinda amani nchini Jamhuri ya Afrika ya Kati. Nyumbani walibaki yeye, mama mkwe wake aliyekuwa mtu mzima sana, na watoto watatu. Mshahara ulifika kwa wakati, na kila mwisho wa juma simu ililia. Lakini wahenga hawakukosea waliponena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

UTEPE WA MANJANO

Bustani ile haikuanzishwa kwa ajili ya pambo. Mwaka uliotangulia, mshauri wa afya wa kijiji alikuwa amempima kitinda mimba wa nyumba hiyo kwa utepe wa mkononi, na utepe ukasimama kwenye rangi ya manjano. Wazazi wengi wanaufahamu utepe huo. Kijani ni salama. Manjano, yaani kati ya sentimita 11.5 na 12.5, ni onyo. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, humaanisha kuwa mtoto apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Hapana mtu aliyemlaumu mama huyo, lakini yeye alijilaumu. Alikuwa mke wa mtu mwenye kipato, na mtoto wake hakuwa akilala na njaa. Alikuwa akila mihogo, viazi vitamu na ugali mpaka tumbo likajaa. Alichotambua siku ile ni kwamba kushiba ni jambo moja na kulishwa ni jambo jingine. Wala hakuwa peke yake. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Rwanda mwaka 2019 na 2020 ulionyesha kwamba watoto 33 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa.

Basi akajenga akarima k'igikoni, bustani ndogo ya jikoni ambayo serikali imewahimiza wananchi kuwa nayo kila nyumba. Yake ilikuwa ya mviringo, imeinuliwa kwa mawe na udongo uliochanganywa na samadi, ikipanda ngazi kwa ngazi, hatua chache tu kutoka mlango wa jiko. Humo alipanda mchicha, ambao Rwanda huitwa dodo na ng'ambo ya ziwa huitwa lengalenga, pamoja na karoti, vitunguu na nyanya chungu. Chini ya hapo, kwenye matuta yateremkayo bondeni, alipanda kabichi na nyanya za kuuza, ili fedha yake inunue madaftari na viatu vya shule. Bustani ya juu ilikuwa ya mkono wa mtoto, na ile ya chini ilikuwa ya mkoba wa shule. Hakuwa tayari kupoteza hata moja.

ADUI AJAYE USIKU

Asubuhi moja ya juma la kwanza la Juni alitoka na ndoo yake, akakuta miche mitano ya kabichi imelala chini, imekatwa shinani kama kwa wembe. Moja kwa moja akawashuku kuku wa jirani. Mama mkwe alikuja akiegemea mkongojo, akainama, akaokota mche mmoja na kuugeuza.

"Kuku hudonoa, mwanangu," akasema. "Huyu amekata, kisha ameacha. Njoo tena usiku na taa."

Usiku ule, kwa mwanga wa tochi, mkaza mwana alimwona mwizi wake wa kwanza. Alikuwa kiwavi mnene, laini, wa rangi ya udongo, ambaye wakulima wengine humwita sota. Mchana hulala chini ya udongo, karibu na mche alioukata, amejikunja kama pete. Usiku hutoka na kukata. Akawaokota kumi na saba, akawatumbukiza katika kopo la maji yenye sabuni. Kesho yake kila mche uliobaki aliuvika kola iliyokatwa katika ganda kavu la mgomba, akaifukia kina cha vidole viwili. Kiwavi hawezi kuikwea wala kuipita kwa chini. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima na haikugharimu hata faranga moja.

Lakini kiangazi hakiji na adui mmoja. Juma la pili aliona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye mashina ya kabichi kana kwamba wameitwa harusini. Alipogeuza majani alikuta makundi ya vidukari, wadogo kama mbegu za ufuta, wakinyonya utomvu na kuacha utamu unaonata. Ni utamu huo ndio uliowaita sisimizi, nao kwa malipo huwalinda vidukari dhidi ya maadui wao. Wakati wa masika mvua kubwa huwaosha wadudu hawa na kuwaangusha. Kiangazi kikiingia, hapana wa kuwaosha ila mwenye bustani. Mama huyo akawa anawaangusha kwa maji ya ndoo, akipangusa upande wa chini wa majani kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, na kuyanyunyizia majivu makavu asubuhi kabla umande haujakauka. Mama mkwe alimkataza jambo moja tu: asimguse yule mdudu mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, wala kinda wake mweusi mwenye sura mbaya. Hao wawili hula vidukari mchana kutwa bila kudai ujira.

Kwenye nyanya kulikuwa na balaa jingine, nalo ni nondo mdogo wa kijivu ambaye Watanzania wamempa jina la kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na katika miaka ya 2010 alienea katika nchi nyingi za Afrika, Rwanda ikiwa mojawapo. Kiwavi wake hupenya ndani ya jani na kuacha njia nyeupe kama maandishi ya mtoto, kisha huingia katika tunda. Jani au tunda lililoingiliwa halitupwi kwenye lundo la mboji, kwa maana huko ni kumpa malazi. Huchomwa moto, au hufukiwa katika shimo refu.

Mapambano ya namna hii si mageni kwa watu wa ulinzi. Mwaka 2017, kiwavijeshi vamizi alipoyashambulia mahindi katika wilaya nyingi za Rwanda, jeshi lilijiunga na wakulima kupambana naye, na watu wengi walikuwa wakimtafuta jani kwa jani na kumponda kwa vidole. Waliokuwapo walijifunza kwamba hata adui mwenye jina kubwa hushindwa kwa kazi ndogo inayorudiwa kila siku.

CHUPA ISIYO NA MAANDISHI

Katika siku hizo alipita mchuuzi mmoja akiuza dawa ya wadudu ndani ya chupa ya soda. Chupa haikuwa na karatasi wala maandishi. Mchuuzi alisema dawa hiyo huua kila kitu kwa siku moja.

"Kila kitu ni pamoja na nani?" mama mkwe akauliza.

Mchuuzi akacheka, akaenda zake. Lakini swali lile lilikuwa la haki. Dawa halali ya dukani huandikwa jina lake, kipimo chake, na idadi ya siku ambazo mtu hana budi kungoja kabla ya kuchuma. Dawa iliyohamishwa katika chupa nyingine imepoteza yote hayo, na dodo huchumwa kila siku mbili au tatu. Mtoto yule yule anayelishwa mboga apate nguvu angelishwa sumu.

Bibi alikuwa na dawa yake ya zamani, nayo ni utupa, mti mdogo ambao Wanyarwanda huuita umuruku. Majani yake hupondwa, yakalowekwa maji usiku mmoja, yakachujwa kwa kitambaa, na maji yake yakanyunyiziwa kabichi jioni. Hata hivyo bibi aliitoa dawa hiyo pamoja na masharti yake. Ni sumu nayo, ingawa imeota uani. Haiwekwi kwenye dodo la kuchuma kesho. Iliponyunyizwa hungojwa siku kadhaa, na mboga huoshwa vizuri kabla ya kupikwa. Na ndoo yake kamwe haioshwi katika kijito, kwa maana utupa huua samaki, na mababu waliutumia kwa uvuvi ambao leo umepigwa marufuku. Vijito vyote vya kilima kile huishia ziwani, na ziwa ndilo sahani ya sambaza ya watu wote wa Rusizi na Bukavu.

NYAYO KATIKA UDONGO

Katikati ya Juni wadudu walikuwa wamepungua, na kabichi zilikuwa zimeanza kufunga vichwa. Ndipo mama huyo alipoamka akakuta visiki saba. Safari hii haikuwa kazi ya kiwavi. Vichwa vilikuwa vimekatwa kwa kisu kikali, na katika udongo uliolowa palikuwa na alama za ndala kubwa, zikielekea chini kwenye ua wa minyaa.

Siku mbili baadaye aligundua kwamba dodo la bustani ya mviringo nalo limepungua. Juma lililofuata kabichi tano zaidi zilitoweka, na usiku mwingine nyanya zilizokuwa zikianza kuiva.

Mtu ambaye hajapata kulima hawezi kuijua hasira ya namna hiyo. Kiwavi hula kwa kuwa ameumbwa ale. Mwizi wa mboga huchukua ndoo zote za maji zilizobebwa kichwani, asubuhi zote za kuokota wadudu, na matumaini ya mtoto. Jirani mmoja, mwenye duka, mtu ambaye siku zote alikuwa na moyo wa kusaidia, alimnong'oneza shauri.

"Dada, nyunyiza sumu mstari wa nje, wala usimwambie mtu. Atakayeugua ndiye mwizi wako."

Yule mama hakujibu. Lakini siku ya soko alimwona mchuuzi wa chupa za soda, na mkono ukatangulia kabla ya akili. Alirudi nyumbani na chupa moja ndani ya kikapu, chini ya kanga, akaificha juu darini. Usiku kucha hakupata usingizi. Aliisikia ile chupa kana kwamba inapumua.

Kesho yake jioni, alipowalaza watoto, aliamua kwanza akae nyuma ya jiko aangalie, kisha afanye alilokusudia. Jua lilikuwa limezama na giza halijakamilika. Kitambo kidogo akasikia majani yakitikisika upande wa bustani ya mviringo. Akainuka polepole.

Alikuwa mtoto wa kike, wa umri wa miaka sita au saba, wa nyumba ya tatu kutoka pale. Alikuwa amekunja sketi yake mbele, akichuma dodo jani moja moja kwa uangalifu, akiyaacha machipukizi ya juu, kama alivyowahi kumwona mama wa nyumba ile akifanya. Alipomaliza alipanga vizuri jiwe lililokuwa limeteleza, akaondoka kwa vidole vya miguu.

Mke wa sajini hakupaza sauti. Alikaa chini pale pale kwenye kizingiti cha jiko, magoti yakimtetemeka. Aliwaza jinsi ambavyo, kama angefuata shauri jana yake, mkono ule mdogo ungekuwa umekwisha kufika kinywani. Aliteremsha chupa, akamsimulia mama mkwe yote bila kuficha. Bibi hakumkaripia. Alisema tu kwamba chupa isimwagwe popote. Asubuhi ilipelekwa kwa afisa kilimo wa sekta, ajue la kuifanyia.

Ikumbukwe kwamba kumtilia mtu sumu ni kosa kubwa la jinai, hata kama mtu huyo ni mwizi, na hata kama mboga ni zako. Lakini mama huyo hakuhitaji kusomewa sheria. Alikuwa amekwisha kuiona.

NENO LA SAJINI

Mwisho wa juma simu ilipolia, alimweleza mumewe. Sajini hakufoka. Aliuliza kama aulizavyo mkuu wa kikosi: waliingia upande gani, saa ngapi, usiku ulikuwa na mwezi au giza, walichukua nini na waliacha nini.

Katika kujibu maswali hayo mama alianza kuona asichokiona mwanzo. Wezi wake walikuwa wawili, wala hawakufanana. Mmoja alikuja jioni, kutoka juu, akachuma majani na kuacha shina liote tena. Mwingine alikuja usiku wa manane, kutoka chini, akakata vichwa vya kuuza. Mwenye njaa huchuma, mwenye tamaa hukata. Ni makosa kuwatendea wote wawili kwa dawa moja, kama ilivyo makosa kumtibu kidukari kwa dawa ya sota.

"Mama watoto," sajini akauliza, "ule ua wa minyaa niliopanda huko chini, nani anauona kutoka nyumbani?"

"Hakuna, baba watoto. Jiko linatazama juu. Na minyaa imerefuka kupita kichwa."

"Basi nilimjengea mwizi maficho. Jeshini tunafundishwa siku za kwanza kabisa: kizuizi kisichotazamwa si kizuizi. Uweke seng'enge, uchimbe handaki, kama hakuna jicho juu yake, adui atakaa apumzike hapo hapo."

Maneno hayo mama aliyageuza kichwani siku nzima, akaona kuwa yanaihusu bustani yote. Kola ya mgomba ilizuia sota kwa sababu yeye mwenyewe aliizungukia kila asubuhi. Majivu yalifaa kwa sababu aliona siku yalipopeperuka akayarudisha. Mahali palipoharibika ndipo mahali ambapo hapana mtu aliyetazama. Lakini yeye alikuwa na macho mawili tu, nayo yalihitaji kulala. Macho mengine angeyapata wapi?

Jioni ile alifunga fungu la dodo, akachukua miche kumi na mbegu kidogo katika karatasi, akaenda nyumba ya tatu. Mama wa pale alikuwa mbeba mizigo wa mpakani, aondokaye kabla ya jua na kurudi usiku. Mumewe alikuwa mgonjwa wa muda mrefu. Uani kwake hapakuwa na kijani chochote. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto. Yule jirani alipoliona fungu la dodo aliinamisha uso.

"Mtoto aliniambia kwamba ulimpa," akasema.

"Nilimpa," akajibu mke wa sajini.

Hawakulizungumza tena. Siku iliyofuata walijenga pamoja bustani ya mviringo kwa mawe na udongo, na mtoto yule wa kike ndiye aliyepewa kazi ya kumwagilia kwa maji yaliyooshea mboga na vyombo. Dodo halichelewi. Baada ya juma la nne walichuma.

Kwa upande wa mwenye kisu, njia ilikuwa nyingine. Jumamosi ya mwisho ya Juni, baada ya kazi ya umuganda, watu walipoketi kuzungumza mambo ya kijiji, mke wa sajini alisimama akaeleza hasara yake waziwazi. Alidhani ataonekana mlalamishi. Kumbe nyumba nyingine kadhaa zilikuwa zimeibiwa, kila moja ikinyamaza kwa kudhani ni bahati mbaya yake peke yake. Mutwarasibo, yaani kiongozi wa kundi la nyumba jirani, akaandika usiku na saa za kila wizi. Ilionekana kwamba zote zilifuata njia moja, ile ya bondeni, na zote zilitokea usiku wa kuamkia siku ya soko.

Doria ya usiku, ambayo Wanyarwanda huiita irondo, ilikuwa ikipita barabara ya juu tu. Ikakubaliwa kwamba usiku huo wa kabla ya soko ipite bondeni, tena kwa saa zisizozoeleka. Wenye ua mrefu waliupunguza hadi kimo cha kifua, wakijihadhari na utomvu wa mnyaa, ambao ukiingia jichoni huweza kuleta madhara makubwa. Usiku mmoja wa Julai walinzi walimwuliza mtu mmoja atokako na aendako. Alitupa gunia akakimbilia gizani. Ndani yake mlikuwa na kabichi za bustani tatu tofauti. Gunia lilipelekwa kituo cha polisi pamoja na maelezo. Mtu yule hakukamatwa, lakini kwa kiangazi chote kilichobaki hakuonekana tena.

MAMBO YAFAAYO KUSHIKWA

Kutokana na mkasa huo, nyumba yenye bustani inaweza kujifunza mengi kabla kiangazi hakijashika kasi.

Kwanza, mboga ya kula kila siku ikae karibu na mlango wa jiko, na mboga inayotamaniwa sokoni isipandwe pembezoni ambako hapana aonaye. Pembezoni hufaa kupandwa mihogo, au kitu kingine kisichobebeka upesi.

Pili, kumwagilia asubuhi ni bora kuliko usiku, hasa kwa miche. Udongo unaolala na majimaji huwapendeza sota na konokono, na mwagiliaji wa asubuhi hupata nafasi ya kukagua. Majani makavu yanayotandazwa kuhifadhi unyevu yaachwe mbali kidogo na shina, yasije yakawa kitanda cha kiwavi.

Tatu, nyanya zichumwe zinapoanza kubadilika rangi, ziivie ndani. Kabichi iliyokwisha kufunga isiachwe shambani kwa kungoja bei ipande zaidi. Tamaa ya siku tatu imewapa wezi mavuno ya miezi mitatu.

Nne, mabaki ya kabichi na nyanya yasiachwe yakisimama baada ya mavuno, na mahali pale pasipandwe tena mboga ya jamii ile ile. Wanaokaa katika bonde la Bugarama, ambako joto ni kali kuliko Kamembe, hawana budi kuwa waangalifu zaidi, kwa kuwa joto huharakisha kizazi cha wadudu.

Tano, chandarua cha kuzuia malaria ni cha kitandani. Kukifunikia miche ni kuokoa kabichi na kumtoa mtoto kafara.

Na la mwisho, asiyekuwa na bustani jirani yako asaidiwe awe nayo. Huu si wema peke yake. Mtu mwenye mche wake hutoka alfajiri kuutazama, na akitazama wake huona na wako.

Kitinda mimba alipimwa tena mwishoni mwa Agosti. Utepe ulisimama kwenye kijani. Mama yake aliomba upimwe mara ya pili, ahakikishe, na mshauri wa afya akakubali kwa tabasamu.

Sajini alirudi Septemba, usiku, wakati ambapo mvua za kwanza zilikuwa zikinyemelea kutoka magharibi ya ziwa. Hakulala sana. Kabla ya mapambazuko alivaa kanzu kuukuu, akashuka bustanini peke yake kukagua. Aliupita ua wa minyaa uliokatwa, akainama kwenye mche mmoja, akaigusa kola ya mgomba kwa kidole.

"Nani wewe?" sauti ya mwanamke ikamjia kwa ukali kutoka nyumba ya tatu. "Wewe mwenye kanzu! Simama hapo hapo. Una haja gani katika bustani ya mwenzangu saa hizi?"

Sajini akasimama wima, mikono ikionekana, kama atakiwavyo mtu aliyesimamishwa na mlinzi wa zamu. Akataja jina lake, na jina la mkewe, akangoja aruhusiwe kupita.